Kitabu Chenye Vema Tupu

Nianze na mimi mwenyewe, maana mpwa wangu hana kosa lolote katika haya. Mimi ni mtu wa ndani. Wanaume wa mtaani kwetu wakishaswali alasiri huteremka pwani kupiga soga. Mimi hurudi nyumbani, nikaketi dakani, pale kwenye vibaraza viwili vya mawe mbele ya mlango, nikashona kofia. Mama yangu huwaambia wageni kwamba alizaa wana wawili wa kike: wa kwanza akaolewa Mbwajumali, wa pili akaota ndevu.

Kofia ndiyo kazi niliyorithi kwa baba, na ndiyo pekee niliyowahi kuiweza. Unatoboa matundu madogo kwenye kitambaa cheupe, unayazungushia uzi moja baada ya jingine, na uzuri wote uko kwenye nafasi. Tundu na tundu yaachane sawasawa, kwa jicho tu, bila rula. Kofia nzuri hula miezi miwili, mitatu. Kuna moja ilinila mwaka kwa sababu nilikuwa nikisinzia. Shule nilifika kidato cha nne, nikatoka na D ya Kiingereza, D kavu, isiyo hata na kijialama cha kujumlisha pembeni. Niliwaambia watu kuwa aliyesahihisha karatasi yangu hakuwa amevaa miwani, na kwa kuwa hakuna aliyebisha, nikaendelea kusema hivyo.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu wa Mbwajumali, alikuja kukaa nasi alipoanza gredi ya saba. Alichokitaka kilijulikana na nyumba nzima, hata na paka. Alitaka kwenda shule moja ya bweni ya wasichana huko bara, yenye maabara, asome sayansi, kisha awe mtu wa kupima damu hospitalini. Udaktari hakuutaka. Daktari, alisema, ana maneno mengi na wagonjwa. Yeye alitaka akae na hadubini yake kimya. Nilimwelewa. Naye alikuwa mtu wa ndani kama mimi, ila yeye alikuwa wa ndani mwenye mipango.

Baba yake alikubali kwa sharti. Mtihani wa gredi ya tisa ukimpa nafasi ile, aende na radhi zake. Usipompa, arudi Mbwajumali, asome shule ya kutwa ya karibu na nyumbani na amsaidie mama yake shamba la simsim. Hesabu alikuwa akizimeza. Sayansi vilevile. Kilichomkaba ni Kiingereza, hasa hiki cha kuandika: wapi uweke koma, wapi nukta, wapi kile kijimkia kinachoning'inia juu ya herufi.

Alipoingia gredi ya tisa, hapo ndipo mama yangu alipokumbuka kitabu.

"We bwana," akaniambia, nami nina sindano mdomoni, "si una kile kitabu chako cha vema?"

Kilikuwa kidakani, kwenye kile kishubaka cha ukutani anamoweka vitu vyake vya thamani, kimefungwa kwenye leso. Kilikuwa kitabu cha mazoezi ya sarufi na vituo vya Kiingereza. Kila ukurasa una sentensi zilizonyimwa koma na nukta, na chini yake mstari mtupu wa kuziandika upya kama inavyotakiwa. Nilikijaza mwenyewe nilipokuwa darasa la nane, kwa wino, kwa mwandiko ambao mpaka leo watu huniomba niwaandikie kadi za harusi. Na kando ya kila jibu kuna alama ya vema, nyekundu. Ukurasa hata ukurasa, vema tupu. Mama hajui Kiingereza, lakini vema anaijua, na kwa miaka yote hiyo kila mgeni aliyekunywa kahawa kwetu alionyeshwa kitabu kile.

"Mjomba!" mpwa wangu akasema, akipindua kurasa. "Kumbe ulikuwa hivi?"

Ningesema pale pale. Hata sindano nilikuwa nimeshaitoa mdomoni. Badala yake nikajibu, "Ah, ya kale hayo," kwa sauti ya mtu anayetaka aulizwe zaidi.

Sasa nieleze vema zile zilikotoka. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na wanafunzi wengi na mgongo mbovu. Alipoona mkono wangu hautetemeki, akanipa kalamu nyekundu, awe anasoma majibu kwa sauti nami nipite kwenye madaftari nikiweka alama. Baadaye mgongo ukamzidi, akawa haji, akaniachia kalamu yote. Vitabu vya wenzangu nikavisahihisha kwa kuvilinganisha na changu. Changu nikakilinganisha na nini? Nikakilinganisha na changu. Muhula mzima nililifelisha darasa zima kwa kosa la kutofanana na mimi.

Na majibu yenyewe niliyapata vipi? Mwalimu alikuwa ametuambia mara moja, amejishika kiuno, kwamba koma ni mahali msomaji anapovuta pumzi. Basi mwana wa mshona kofia akapima pumzi kama apimavyo matundu. Maneno manne, koma. Maneno manne, koma. Mwisho wa mstari, nukta. Kile kijimkia nilikiweka juu ya kila neno lililoishia na herufi ya esi, kwa sababu kilipendeza. Ukikishika kitabu kile mbali kidogo na macho, wallahi ni kizuri. Kingeweza kuvaliwa Idi.

Hicho ndicho alichoanza kusoma mpwa wangu, kila siku baada ya alasiri, yeye kibaraza hiki na mimi kibaraza kile. Wala hakukisoma kwa macho. Sisi watu wa huku tumelelewa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na tangu tukiwa wadogo njia yetu ya kusoma ni moja: kuhifadhi. Unasoma kwa sauti, unajitikisa, unarudia, mpaka maneno yaingie mahali ambapo hata homa haiyatoi. Yeye alikuwa amehifadhi juzuu nyingi kabla hajaota meno yote. Kitabu changu alikichukua hivyo hivyo. Alisoma sentensi kwa sauti, na kila ilipofika koma aligonga jiwe la kibaraza kwa kidole. Neno, neno, neno, neno, ko! Neno, neno, neno, neno, ko! Mimi nikatunga sindano kwa mapigo yake. Sikuwahi kushona kofia kwa haraka namna ile.

Mwenye duka la mkabala wetu, ambaye hana wateja wengi mchana na kwa hiyo ana nafasi ya kuniangalia, akaanza kuniita profesa.

"Profesa! Leo wafundisha koma au wafundisha kugonga mlango?"

"Wewe uza chumvi yako," nikamjibu.

"Nakwambia, akifaulu huyu, na mimi nakuja. Nataka nijue ile D yako ilikuwa ni ya Daktari au vipi."

Mpwa wangu alicheka mpaka akapoteza mstari, ikabidi aanze ukurasa upya tangu mwanzo. Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyokaa muhula wa kwanza na nusu ya wa pili. Nilijiambia kwamba shuleni watamrekebisha. Nilijiambia pia kwamba huenda majibu mengine yalikuwa sawa. Mtu akitupa mawe mengi hivyo gizani, hata moja halipati?

Muhula wa pili ukielekea ukingoni, mwalimu wake wa Kiingereza, binti mdogo kutoka bara, alituma ujumbe kwamba mzazi aje. Mzazi alikuwa mimi. Nilivaa kanzu iliyopigwa pasi, nikapita mtaani watu wakinitazama kama wanaomtazama maiti aliyeamka. Mwenye duka alitoka nje kabisa kunishuhudia.

Mwalimu alinikaribisha kwa heshima, akaniita Bwana, kisha akaniwekea mezani insha ya mtihani wa majaribio. Ilikuwa kurasa mbili za mwandiko mzuri, na juu yake wino mwekundu mwingi kuliko wa buluu.

"Tazama hapa," akasema. "Hajali sentensi inasema nini. Anaweka koma kama mtu anayepanda simsim. Nikahesabu. Bwana, nikahesabu maneno! Kila baada ya manne."

Nikatazama dirishani.

"Nimemwambia si hivyo. Anakubali, anasema ndiyo mwalimu, halafu kesho anarudia. Nikimuuliza sana ananiambia nyumbani kuna kitabu kilichosahihishwa chote vema. Eti mimi ndiye ninayekosea." Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Hesabu anaongoza. Sayansi anaongoza. Shule anayoitaka itatazama na hiki. Ni nani anamfundisha?"

Mbele yangu kulikuwa na binti ningeweza kumzaa, nami nina ndevu na kanzu ya pasi. Nikasema, "Kuna kitabu tu."

"Basi kifiche hicho kitabu. Na yeyote aliyekisahihisha, atafuteni mumweleze ameharibu nini."

"Ndiyo, mwalimu," nikasema. "Tutamtafuta."

Njiani nilipanga maneno. Nilipofika, mpwa wangu alikuwa dakani na bibi yake, wanachambua mchele kwenye ungo. Nikaketi. Na hapa ndipo penye jambo lenyewe, mengine yote ningeweza kusamehewa. Nilicheka kwanza. Nikacheka kile kicheko changu ambacho nyumba nzima inakijua, kisha nikasema, "Basi mwajua nini? Zile vema nilijiwekea mwenyewe! Mimi mwanafunzi, mimi mwalimu, mimi mkaguzi!"

Mama akaangua kicheko. "Huyu siyui nilimzaa siku gani. Hata akifa atatoka kwenye jeneza atuambie ni mzaha."

Mpwa wangu naye akacheka, lakini kidogo. Akanitazama. "Kweli, mjomba?"

"Kweli kabisa," nikasema, nikikonyeza jicho.

Nani alinituma kukonyeza? Miaka yote nimejicheka mbele ya watu ili wasipate nafasi ya kunicheka wao, na watu wamezoea. Nikisema mimi ni mjinga, wananimiminia kahawa. Nilijua nikisema vile hatoamini yeyote, na nitakuwa nimesema. Yeye akarudi kwenye ungo, akaokota kijiwe, akakitupa. "Mjomba nawe," akasema. Kesho yake alasiri akakifungua kitabu ukurasa ule ule, akagonga jiwe.

Nilijaribu njia za mzunguko. Nikamwambia tupumzike na kitabu hiki, tuchukue kile kipya cha shule. Akakileta. Tulikifungua pamoja, na mimi ambaye nilipaswa kumwongoza nikasoma maelezo ya koma mara tatu bila kuelewa, nikawa naitikia kichwa kama anayesikia hotuba kwa lugha ya jini. Alipofanya zoezi, mkono ukaenda wenyewe. Neno, neno, neno, neno. Nikamwambia usiweke hapo. Akauliza kwa nini. Nikamwambia basi weka nyingine pale mbele. Akauliza kwa nini pale.

"Jaribu kusahau," nikamwambia.

"Nasahau vipi, mjomba? Chuoni hawakutufundisha kusahau."

Hakuwa akinikejeli, alikuwa akiniuliza hasa, kalamu mkononi, akingoja. Nikamwambia tujaribu tena kesho. Tukajaribu kesho. Tulijaribu mpaka kofia niliyokuwa nayo ikachafuka kwa vidole vyangu vyenye jasho, nikailoweka. Mwalimu wake naye alimbakisha darasani jioni nyingi, alinijulisha hivyo kwa simu, na kila mara alimalizia kwa kuniuliza kama tumempata yule aliyesahihisha. Nilimjibu bado tunamtafuta.

Siku ya karatasi ya Kiingereza, mama alimsomea dua mlangoni, akampulizia kichwani. Mpwa wangu alikuwa mtulivu. Akaniambia, "Usijali. Nimekihifadhi chote, mwanzo mpaka mwisho. Hata nikifumba macho." Akafumba macho pale dakani, akaanza kunisomea ukurasa wa kwanza, kidole kikigonga hewa. Nikamwambia twende, utachelewa.

Matokeo yalikuja kwenye simu yangu, kwa sababu namba iliyoandikishwa ilikuwa yangu. Hesabu, juu. Sayansi, juu. Kiingereza, mahali pa chini ambapo sitapaandika. Nafasi aliyopewa siku chache baadaye ilikuwa shule ya kutwa, ile ile ya karibu na kwao. Nilisoma nikiwa peke yangu dakani, nikaiweka simu kifudifudi kwenye jiwe, nikashona matundu sita. Kisha nikamwita.

Alisoma. Akasoma tena. Hakulia, na mimi nilikuwa nimejitayarisha kwa kilio, nimeshatafuta hata la kumfanya acheke. Akaniuliza tu kama kuna makosa hutokea kwenye kusahihisha.

"Hutokea," nikasema.

Mwenye duka, ambaye alikuwa amesikia, hakuniita profesa siku ile, wala siku iliyofuata. Hapo nikajua jambo ni kubwa.

Baba yake alipiga simu, hakugomba, akasema tu aje. Siku ya kuondoka nilimsindikiza mpaka gatini, mimi mwenyewe na begi lake kichwani. Mashua ya kwenda Mtangawanda, wanakoshukia watu wa Mbwajumali, ilikuwa inajaza watu na magunia. Tulikaa kwenye ngazi tukingoja aitwe. Kitabu alikuwa nacho mkononi, kwenye leso ile ile; mama alikuwa amempa awapelekee wadogo zake, wawili wako gredi ya nne na ya tano.

"Nirudishie hicho," nikasema.

"Bibi kanipa."

"Vema zile nilijiwekea mwenyewe. Mwalimu aliumwa mgongo, akaniachia kalamu. Hakuna aliyewahi kuyasoma majibu yale. Hata moja sijui kama ni sawa."

Sikucheka. Sikujua uso wangu ulikuwaje, maana sijauzoea hivyo. Yeye akaningoja. Aliningoja nicheke, akaona kicheko hakiji. Akatazama maji.

"Siku ile ulicheka," akasema.

"Nilicheka."

"Mimi nilikuangalia, mjomba. Nilitaka kuamini. Lakini nikasema, mjomba anacheka, haliwezi kuwa kubwa."

Nikasema nisamehe. Akasema nishasamehe, upesi, kama mtu anayefunga mlango kwa adabu. Nikanyoosha mkono nichukue kitabu. Hakukitoa.

"Nipe nikitupe baharini."

"Usitupe. Nyumbani hakuna kingine." Akakibana kwapani. "Maswali si yako. Majibu ndiyo yako. Nitayabandika karatasi juu."

"Watoto watazibandua."

"Watazibandua," akakubali.

Akaitwa. Akashuka ngazi, akakaa katikati ya magunia ya unga, kitabu mapajani. Alinipungia mkono mara moja. Mimi nilirudi kwa ndia ya nyuma, kama asemavyo mama, ili nisipite dukani.

Jioni ujumbe wake ukaingia. Mama alikuwa ameketi kibaraza kile alichokuwa akikaa mjukuu wake, tasbihi mkononi.

"Nisomee," akasema. "Mato yangu hayaoni."

Nikamsomea kama ulivyokuwa: "Mjomba nimefika salama alhamdulillahi, njia ilikuwa na tope, mama na baba wazima, wanawasalimu sana nyote wewe, na bibi kitabu hakikuroa, nimekiweka juu ya kabati, watoto wameshaanza kukiulizia mjomba, shule tunaanza Jumatatu inshallah."

"Mbona wasoma kama mtu mwenye pumu?" mama akauliza.

"Ndivyo alivyoandika."

"Mashallah," akasema, na tasbihi ikasimama. "Hebu soma tena, polepole."

Nikasoma tena. Nikasimama pale pale, penye kila koma.